Mwaliko kwa Mzee wa Funguo

Sikumaliza darasa la nane, na labda ndiyo sababu nasoma kila kitu. Mtu aliyesoma sana anajua cha kutupa. Mimi sijui, kwa hiyo nasoma maandishi ya nyuma ya paketi ya sabuni, masharti ya tiketi ya basi, matangazo ya pizza, vikaratasi vya mafundi wa mabomba. Mwaka ninaoukumbuka hapa nilikuwa nimepanga chumba Castle Vale, kwa mama mmoja mjane kutoka Uvira, na kila karatasi iliyoingia kwenye tundu la barua ilipita mikononi mwangu kabla ya kufika kwenye pipa.

Nilikuwa nimeshakaa Birmingham mwaka mmoja na nusu, na kwangu huo ni muda mrefu. Kabla yake nilikuwa Rotterdam, kabla ya Rotterdam Dubai, na kabla ya Dubai nilizunguka Kenya kwa kazi za miezi miwili miwili. Sikuwa nakimbia kitu. Nilitaka tu kujua kule kwingine kukoje. Siku za kazi nilikwenda Tyseley, kwenye mkanda wa kuchambua taka, chuma huku, plastiki huku, na chochote chenye maandishi nilikitazama sekunde moja zaidi ya ilivyoruhusiwa. Jumapili nilikuwa mkalimani wa kanisa.

Ukalimani huo sikuuomba. Familia za Wakongo za mtaani kwetu na mitaa ya jirani zilikuwa na kusanyiko lao, nazo ziliazima ukumbi ulio nyuma ya kanisa la Kianglikana. Mchungaji wao, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa na Kifaransa kizuri na Kiingereza cha salamu tu. Mama mwenye nyumba wangu, aliyewaongoza akina mama pale, alimwambia kwamba kwake kuna Mkenya "anajua Kingereza, na siku ya Mungu hana kazi." Basi nikawa nakaa mbele. Nilitafsiri matangazo ya wenye ukumbi, na nilipokea majibu ya vijana wa kwaya, ambao walielewa Kiswahili chote lakini ukiwauliza kitu walikujibu kwa Kiingereza.

Watu hawa hawakuwa na mahali pengine. Katika ukumbi ule walioana, walilia misiba yao, na Jumamosi watoto walifundishwa Kifaransa humo. Kila mwaka, mwezi wa tano, baraza la kanisa la wenyeji lilikaa kuamua kama waendelee kuutumia, na kila mwaka mchungaji alikonda mwezi wa nne mzima. Aliyetufungulia mlango alikuwa mzee wa kanisa, Mwingereza wa miaka sabini hivi, mwenye funguo nyingi kwenye pete ya chuma aliyoining'iniza kiunoni. Alikuwa na sauti kubwa katika baraza. Alifika saa nne kamili, akafungua, akatazama saa yake, akaondoka. Saa tisa akarudi kufunga. Katika mwaka na nusu ule sikumsikia akimwambia Mama neno hata moja. Alionyesha kwa kidole tu, kwanza sufuria, kisha dirisha. Maana yake harufu, fungueni.

Wiki chache kabla ya uchaguzi wa halmashauri ya jiji, mvua ikiwa bado ya baridi lakini jua likichelewa kuzama, iliingia mlangoni karatasi ngumu ya kung'aa. Mbele ilikuwa na msalaba mkubwa mwekundu, na chini yake maneno ya kutaka nchi ya Kikristo irudishwe. Nyuma kulikuwa na picha ya kuba la msikiti na orodha ya malalamiko: nyumba za halmashauri, foleni za hospitali, wageni, Waislamu, halafu wageni tena. Ilitoka kwa chama cha siasa kali za mrengo wa kulia, mojawapo ya vile ambavyo wagombea wake walipigwa picha wakitabasamu mbele ya bendera.

Mama alikuwa jikoni akiyeyusha pakiti ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa ambayo kule Balsall Heath huuzwa yakiwa barafu. Aliona karatasi yenye msalaba mkononi mwangu.

"Hiyo iko papie ya kanisa?"

"Wanasema nchi hii ni ya Kikristo, Mama, na wanataka irudi."

Akaacha pakiti. "Nani banasema?"

"Watu wa hapa hapa."

"Bazungu?"

"Wazungu."

Alifuta mikono kwenye kitenge, akaichukua karatasi kwa vidole viwili kama picha ya mtoto aliyezaliwa juzi. "Kumbe bengine baliamuka!"

Ni lazima nieleze furaha yake. Tangu afike nchi hii, kitu kilichomhuzunisha kuliko baridi ni makanisa matupu. Watu ambao mababu zao waliwaletea mababu zake Biblia walikuwa wamegeuza makanisa kuwa maduka ya mazulia, na katika kanisa la mtaa wetu wazee ishirini walikaa kwenye viti vya watu mia mbili, mmoja hapa, mwingine kule, kama wanaogopana. Na sasa hawa hapa wanabisha hodi na msalaba. Mimi nilikuwa nimeshaigeuza karatasi, najua nyuma kuna nini. Sikumwambia, na sababu yangu si nzuri. Nilitaka kuona itakuwaje.

Kesho yake niliipata nyingine kwenye ngazi za basi nikaenda nayo kazini. Mwenzangu wa mkandani alikuwa Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, na kupitia Uholanzi kama mimi. Wakati wa chai aliisoma pande zote mbili, polepole, akanirudishia.

"Buda, hii ni yangu. Yenu bado iko kwa printa."

"Sisi Wakristo. Huoni msalaba?"

"Wewe Mkristo?" Alicheka mpaka chai ikamwagikia glavu. "Wewe Krismasi ulikuwa hapa na mimi unachambua makopo. Haya, tuseme ni Mkristo. Waulize hao Wakongo wako: hawa jamaa wakishanimaliza mimi, kwa laini anabaki nani?"

Sikuwauliza. Jumapili Mama alimpa mchungaji karatasi, naye akaiinua mbele ya watu, msalaba ukiwatazama, akasema Mungu amesikia, kuna ndugu katika jiji hili wanaotaka taifa limrudie. Wakaombea chama kile kwa dakika kumi, wengine machozi yakiwatoka. Kama kuna kijana wa kwaya aliyekuwa amesoma upande wa pili, alinyamaza kama mimi. Watoto wale walikuwa wamezoea kujua mambo ya nchi hii ambayo hawakuwaeleza wazazi wao.

Kusanyiko lile lilikuwa na desturi moja. Aliyekuandikia juu ya Mungu haachwi bila jibu, jibu lenyewe ni mwaliko, na mwaliko si mwaliko mpaka upigwe kashe. Kashe ni muhuri wa duara wa kanisa, wa wino wa zambarau, ambao mchungaji aliuhifadhi ndani ya soksi nyeusi katika begi lake.

"Barua bila kashe," aliniambia, "iko mazungumuzo tu."

Alinisomea kwa Kiswahili, nikaandika kwa Kiingereza nilichokuwa nacho. Barua ilisema: tumeipokea karatasi yenu kwa furaha kubwa, nasi pia tunaomba kila siku nchi hii imrudie Kristo, tunawakaribisha muabudu pamoja nasi Jumapili ijayo, na baada ya ibada kutakuwa na chakula. Akatia sahihi, katibu akatia sahihi, Mama akatia sahihi. Kashe ikagongwa mara mbili, kwa usalama.

"Lakini tutaipeleka wapi?" mchungaji akauliza.

Hapo kusoma kwangu kulinisaidia kuharibu zaidi. Sheria ya hapa inataka kila karatasi ya uchaguzi ionyeshe jina na anwani ya anayeitoa. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, jina nisilolijua na anwani vilikuwepo, mitaa miwili tu kutoka kwetu. Nikasema nitaipeleka mwenyewe.

Castle Vale palikuwa uwanja wa ndege zamani, na ardhi yake ni tambarare hata leo. Ukisimama barabarani unaona mbali. Miaka ile maghorofa yaliyojengwa baada ya vita yalikuwa yameshabomolewa karibu yote, na watu wake wamehamishiwa katika nyumba ndogo mpya za matofali. Nyumba niliyoitafuta ilikuwa mojawapo ya hizo, yenye pazia safi na kibao cha kukataza matangazo. Nikabisha. Aliyefungua alikuwa mzee wa funguo.

"Bomba limepasuka ukumbini?" akauliza. Hakufikiria kwamba naweza kuwa na shida nyingine.

"Hapana, mzee. Nimeleta barua."

Aliisoma akiwa amesimama kwenye zulia la mlangoni, kwa ndara za nyumbani. Akairudia. Shingo yake ikawa nyekundu kutoka chini kwenda juu.

"Nani amewaambia mnifanyie mzaha?"

"Si mzaha. Wamefurahi."

"Wamefurahi?"

"Wanasema ninyi ndio wa kwanza kuwaandikia habari za Kristo tangu wafike."

Alitazama kashe, akaigusa kwa kidole gumba kuona kama ni wino wa kweli. "Sivyo tulivyomaanisha," akasema.

"Mlimaanisha vipi?"

Nilimuuliza kwa sababu nilitaka kujua. Nadhani aliliona hilo, maana alianza kujibu. Alisema aliishi ghorofa ya kumi na moja miaka thelathini, na jengo likabomolewa. Kiwanda cha magari alikofanya kazi kikafungwa. Mke wake akafa katikati ya hayo. "Hakuna aliyepiga hodi kuniuliza neno," alisema. "Hawa walipiga. Waliketi hapo ndani wakanywa chai, jioni nzima."

"Hata wa kanisani hawakuja?"

Nadhani hapo ndipo alipokumbuka anaongea na nani. "Usirudi hapa," akasema, akafunga mlango, polepole, kama mtu mwenye heshima zake.

Nyumbani niliwaambia Mama na mchungaji tu kwamba barua imefika. Lakini mzee hakunyamaza. Jumatatu alikwenda kwa kasisi wa kanisa la wenyeji kushtaki kwamba Wakongo wa ukumbini wamemtukana kwa maandishi. Kasisi akamuuliza: wanajibu karatasi gani? Naye akaitoa mfukoni, bila aibu, akampa. Ndivyo kasisi alivyojua kwamba mtu aliyeshika funguo zote za kanisa lake ndiye aliyekuwa akigawa karatasi zile mtaani.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni kasisi alituita ukumbini. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe, amevaa ukosi wa kikasisi na viatu vya kukimbilia. Tulikuwa wanne: yeye, mchungaji, Mama na mimi katikati. Aliweka mezani sahani ya biskuti, barua yenye kashe, na kando yake karatasi, upande wa nyuma ukiwa juu, akatueleza ni nani aliyekuwa akiigawa.

"Waulize," aliniambia, "kama waliwahi kuusoma upande huu."

Nikatafsiri swali. Kisha nikatafsiri upande ule wote, mstari kwa mstari, kuba, foleni, wageni, wageni tena. Nilipofika mwisho Mama hakuwa anaitazama karatasi. Alikuwa ananitazama mimi.

"Weye ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Na ukatuacha tunabaombea? Tunalia?" Akasukuma karatasi kando. "Ulitaka kuona."

"Ndiyo, Mama."

"Bon," akasema, akageuza kiti chake kidogo upande mwingine.

Mchungaji alikuwa bado anaifikiria karatasi. Alinisogelea, akashusha sauti. "Lakini, ndugu, hapa banaongeaka juu ya ba Islamu zaidi. Si sisi. Na huyu muzee tukimugusa, mwezi wa tano tunalala inje. Hiyo usitafsiri."

Kasisi akauliza amesema nini. Mwaka na nusu nilikuwa nikipunguza maneno ya watu hapa na pale, kama anavyofanya kila mkalimani asiyelipwa. Siku ile nilitafsiri yote, hata ile "usitafsiri." Kisha nikawaambia alichosema Msomali wa kazini, kwamba yake imeshachapishwa na yetu bado iko kwa printa, na swali lake kuhusu foleni. Mchungaji akainamisha kichwa, akachukua biskuti, hakuila.

Kasisi naye alisema ukweli wake. Alisema nusu ya wazee wake ishirini wanampenda yule mzee, na baadhi yao wanafikiri kama yeye, ila hawasemi. Akimtoa, wataondoka, au watalipiza kwenye baraza na ukumbi utafungwa kwa Wakongo. Asipomtoa, karatasi ile itakuwa imepita mikononi mwa kanisa na kanisa limenyamaza. Alikuwa amefikiria kutangaza tu kwamba kanisa linawapenda watu wote, bila kumtaja mtu. "Niwaulize ninyi," alisema. "Mngefanyaje?"

Mama aliongea bila kunitazama, akiniachia nafasi ya kutafsiri kila sentensi mbili.

"Kwetu kulikuwa mwalimu wa katekisimu. Mutu muzuri. Batoto bangu alibafundisha. Siku moja akaanza kusema batu ba ng'ambo ya muto si ba inchi hii. Kwanza alisemea kwake, kwa baraza ya nyumba. Halafu akagawa papie. Mupasta wetu alijua. Akasema, tumuvumiliye, anapiga ngoma vizuri, iko na siku nyingi kwetu. Akamuachia funguo ya kanisa." Alinyoosha kitenge juu ya magoti. "Siku batu balikimbilia kanisa, funguo ilikuwa kwake."

Niliitafsiri sentensi hiyo neno kwa neno. Nilipomaliza, kasisi aliweka kalamu chini.

Hapo ndipo nilipoeleza nilichoambiwa mlangoni: ghorofa ya kumi na moja, kiwanda, mke, na watu wa chama walioketi wakanywa chai jioni nzima. Kasisi alisema mke yule alimzika yeye mwenyewe, na baada ya mazishi alipanga kwenda kumwona mzee, halafu mambo yakawa mengi.

"Hata sisi," Mama akasema. "Yule mwalimu, bibi yake alikufa mbele ya mambo yote kuanza. Hatukufika kilio. Bibi alikuwa wa kabila ingine." Akamgeukia kasisi, akainua vidole viwili. "Funguo, bamunyang'anye. Chakula, bamupatie. Byote bibili. Si kimoja."

Kasisi aliniomba nirudie. Akaandika kwenye daftari lake.

Sikuwepo kwenye baraza, lakini mchungaji na Mama walikaa kwenye gari la mtu nje ya kanisa saa mbili nzima wakiomba, na mimi nilikaa kiti cha nyuma kwa sababu hakuna aliyeniambia nishuke. Kasisi alipotoka alikuwa amebeba bahasha ya kaki, na tulisikia kilichomo kabla hajasema, kwa mlio wa funguo. Baraza lilikubali mzee anyang'anywe, kwa tofauti ya kura chache. Wazee wanne walitoka katikati ya mkutano. Ukumbi tulipewa mwaka mwingine.

Jumapili iliyofuata nilihudhuria ibada ya asubuhi ya wenyeji, kwa mara ya kwanza, kusikia kasisi atasema nini. Tangazo lilikuwa fupi. Karatasi ile haikutoka kwa kanisa. Msalaba hautumiki kumfukuza jirani, awe wa dini gani. Anayeisambaza hatashika kazi yoyote ya kanisa, ila ibada iko wazi kwake kama ilivyo kwa kila mtu. Mzee mmoja alikohoa kwa nguvu. Mama mmoja mzee alisema "Amina," neno ambalo sikuwahi kulisikia likisemwa kwa sauti katika nyumba ile, akatazama huku na huku kana kwamba limemponyoka.

Mchungaji naye alifanya lake. Aliandika barua nyingine, safari hii kwa msikiti anakoswali Msomali wa kazini, kuomba radhi kwa sala ya dakika kumi. Nilimpa mwenzangu aipeleke. Aliigeuza geuza.

"Na hii mihuri miwili ni ya nini? Tunaalikwa ama tunashtakiwa?"

Lakini aliipeleka, na mchungaji aliitwa, akaenda na kasisi, wakala biriani. Aliporudi alisema tu kwamba watu wale wanapika vizuri na wanaimba vibaya. Kwa mtu aliyekuwa amesema "si sisi," niliona huo ni mwendo mrefu.

Funguo alipewa Mama. Jumapili ya kwanza tulifika saa nne, watu hamsini, sufuria, ngoma, mvua. Mama akaingiza ufunguo, ukazunguka, mlango ukagoma. Mchungaji akajaribu. Nikajaribu mimi. Tulijaribu kila ufunguo wa pete ile. Baada ya robo saa Mama alinigeukia. Alikuwa hajanisemesha tangu Alhamisi ile, zaidi ya kuniwekea chakula mezani.

"Weye unapenda kuona," alisema. "Basi kuanzia leo utaona ukifanya kazi. Enda umuite."

Mzee alifungua mlango wake akiwa na kikombe mkononi. Nikamweleza. Nilitegemea acheke, na ningemwelewa. Alinitazama, akatazama mvua, akavaa koti juu ya ndara zile zile. Tukaenda naye ukumbini. Watu walimpisha. Alimnyooshea Mama kiganja, Mama akampa pete, naye akauinua mlango kwa mguu, akausukuma kwa bega, akazungusha ufunguo nusu, akarudisha, akazungusha tena. Ukafunguka. Akamrudishia Mama funguo.

"Mafuta," alimwambia. "Kila mwezi. Kitie kitasa mafuta."

Nikatafsiri.

"Aksanti, papa," Mama akasema. "Mwambie aingie. Baada ya ibada kuko chakula."

"Nimekula," akasema mzee.

"Hata mwenye alikula anakulaka tena."

Nilipomtafsiria hilo aliangalia ndani ya ukumbi, viti vikipangwa, watoto wakifutwa vichwa kwa taulo. Akasema ana shughuli. Akaondoka bila mwavuli.

Saa tisa Mama alifunika sahani kwa karatasi ya fedha, bugali, sombe na kipande cha samaki, akaniwekea mikononi. Mzee aliipokea mlangoni. Aliinua pembe ya karatasi.

"Hii ya kijani ni nini?"

"Majani."

"Majani ya nini?"

Nikamweleza muhogo, jinsi yanavyotwangwa na kuchemshwa muda mrefu ili yasidhuru. Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kiwandani, alipenda kujua kitu kinafanywaje. Akafunga mlango. Sahani ilirudi Jumatano, imewekwa juu ya pipa letu, imeoshwa, bila neno. Jumapili Mama akaijaza tena.

Chama kile hakikushinda kiti cha kwetu, ingawa kilipata kura nyingi kuliko nilivyotegemea, na watu waliozipiga tuliendelea kukutana nao kwenye foleni ya posta. Mzee hakurudi kanisani miezi yote niliyobaki pale. Kama aliacha kugawa karatasi, au alichoka tu, sijui. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote mbili aliniuliza samaki ni wa aina gani.

Siku moja, Mama akiwa anajaza sahani, nilimuuliza kama anadhani chakula kitambadilisha.

"Sijui," akasema.

"Sasa kwa nini kila Jumapili?"

"Miye ndiye nilisema bamunyang'anye funguo. Nikibaki hapa tu nimekaa, nitakuwa nilimufukuza." Alifunika sahani, akabana pembe zake kwa kidole. "Pita njia ya nyuma. Huko hakuna upepo, itafika na moto."